Sauti na Ukimya katika Uigizaji wa Max von Sydow

Max von Sydow, aliyezaliwa Lund, kusini mwa Uswidi, tarehe 10 Aprili 1929 na kufariki nchini Ufaransa tarehe 8 Machi 2020, ni mwigizaji aliyesifiwa mno kwa ajili ya uso wake. Waliomwandikia tanzia waliurudia uso huo: mrefu, mkavu, wenye mifupa iliyochomoza na macho mepesi yanayotazama mbali. Wakaongeza picha mbili ambazo kila mpenzi wa sinema anazijua: askari wa vita vya msalaba akicheza sataranji na Kifo ufukweni, na kasisi mzee akisimama chini ya taa ya barabarani usiku wa ukungu. Hatuzipingi sifa hizo. Tunachokusudia katika makala hii ni kuonyesha kwamba zimelifunika jambo ambalo kwa msomaji wa jarida la lugha lina uzito zaidi. Von Sydow alikuwa mtu wa lugha kabla hajawa mtu wa sura. Uwezo wake wa kuwa leo mkulima, kesho mtakatifu, keshokutwa muuaji, haukutokana na kubadili uso, kwa sababu uso huo haukubadilika kamwe. Ulitokana na namna alivyoitumia lugha, yake na za wengine, na namna alivyojua kuinyamazia.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Carl Adolf. Baba yake, Carl Wilhelm von Sydow, alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Lund na mmoja wa mabingwa wa taaluma ya ngano barani Ulaya. Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wamekwisha kukutana na fikra zake, pengine bila kulisikia jina lake: ndiye aliyewatofautisha wabebaji watendaji wa mapokeo, yaani wale wanaosimulia, na wabebaji wasiotenda, yaani wale wanaozijua hadithi lakini hawazisimulii. Ndiye pia aliyeazima kutoka elimu ya mimea wazo kwamba ngano ikihamia nchi nyingine hubadilika kufuatana na udongo wa huko. Mama yake alikuwa mwalimu. Hatutadai kwamba mwana alipanda jukwaani kuzithibitisha nadharia za baba. Uhakiki wa namna hiyo ni rahisi mno. Itoshe kusema kwamba alilelewa katika nyumba ambamo maneno ya wakulima yalihesabiwa kuwa kitu cha kuchunguzwa kwa makini. Jina la Max alijipatia baadaye, wakati wa utumishi wa jeshi, na inasimuliwa kwamba alilichukua kwa kiroboto mashuhuri wa mchezo wa sarakasi. Kwa mtu ambaye walimwengu walimdhania kuwa hacheki kamwe, chanzo hicho cha jina kinafaa kukumbukwa.

Mkoa wa Skåne, ambamo mji wa Lund umo, una historia yake ya lugha. Ulikuwa sehemu ya Denmark hadi mwaka 1658, ulipokabidhiwa kwa Uswidi kwa mkataba wa Roskilde. Lahaja ya huko hadi leo hutambulikana mara moja: sauti ya r hutamkwa nyuma ya kinywa, si kwa ncha ya ulimi kama Stockholm, na irabu ndefu hupinda njiani kabla hazijafika mwisho. Msikilizaji wa mji mkuu huisikia kama usemi wa shambani, au kama Kidenmark kilichovuka bahari. Von Sydow alipoingia chuo cha maigizo cha Jumba la Kifalme la Tamthilia, Dramaten, mwaka 1948, aliingia mahali ambapo Kiswidi cha jukwaani kilikuwa na sheria zake, na sheria hizo hazikuwa za Skåne. Alisoma huko hadi 1951. Katika miaka hiyo hiyo alionekana katika filamu mbili za Alf Sjöberg, ya pili ikiwa ile iliyotokana na tamthilia ya Strindberg, *Fröken Julie* (1951). Zilikuwa nafasi ndogo ambazo hazihitaji kutuchelewesha.

Baada ya kufanya kazi katika majumba ya tamthilia ya miji midogo, alijiunga mwaka 1955 na jumba la mji wa Malmö, huko huko Skåne. Hapo alimkuta Ingmar Bergman. Watu wengi wanaufahamu uhusiano wao kwa filamu tu, na hilo ni kosa la msingi katika kuuelewa uigizaji wa von Sydow. Bergman alikuwa na desturi ya kuongoza tamthilia majira ya baridi na kupiga filamu majira ya kiangazi, akiwatumia kwa sehemu kubwa waigizaji wale wale. Kwa hiyo yule askari tuliyemwona ufukweni mwaka 1957 alikuwa amekwisha kufunzwa na jukwaa. Huko Malmö von Sydow aliigiza Brick katika tamthilia ya Tennessee Williams (1956), Peer Gynt wa Ibsen na Alceste wa Molière (1957), kisha Faust wa Goethe katika ule muswada wa awali (1958). Tuitazame orodha hiyo kwa jicho la mwanaisimu: Mmarekani wa kusini mlevi na mwenye kinyongo, Mnorwei mwongo mwenye maneno mengi, Mfaransa anayesema beti zenye mizani, mwanazuoni wa Kijerumani. Yote kwa Kiswidi, na katika ukumbi wenye viti zaidi ya elfu moja, ambamo mtu asiye na pumzi hasikiki hata safu ya kumi. Waliomjua kwa sinema peke yake walimwona mtu wa maneno machache. Watu wa Malmö walimjua Peer Gynt, mhusika ambaye hanyamazi.

Hii ndiyo sababu ukimya wake katika filamu una nguvu. Ukimya wa mtu asiye na la kusema ni utupu, bali ukimya wa mtu ambaye tunajua anaweza kusema ni tendo. Katika *Muhuri wa Saba* (1957) askari Antonius Block anaungama katika kanisa dogo, akizungumza kupitia kimia cha chuma na mtu anayemdhania kuwa padri. Anaeleza shaka yake juu ya Mungu asiyejibu, na bila kujua anamfunulia Kifo mwenyewe hila anayokusudia kuitumia katika mchezo wao. Von Sydow, aliyekuwa na umri chini ya miaka thelathini, hakuyapandisha maneno hayo kama hotuba. Anayasema kwa sauti iliyo karibu na mazungumzo, polepole, kama mtu anayehesabu fedha zilizobaki mfukoni. Wahakiki walioona hapo falsafa tu hawakusikiliza.

Mfano ulio bora zaidi, na usiotajwa vya kutosha, ni *Ansiktet*, yaani "Uso", wa mwaka 1958. Von Sydow ni Vogler, mkuu wa kundi la wanamazingaombwe wanaosafiri, ambaye husemekana kuwa bubu. Daktari Vergérus, mtu wa sayansi na wa serikali, anamkagua mbele ya watu, anamtazama ulimi na koo, na hakuti sababu ya ububu huo. Kwa muda mrefu wa filamu tunatazama macho na ndevu nyeusi tu. Kisha, faraghani mbele ya mkewe, Vogler anavua ndevu na nywele za bandia, na ndipo tunapoisikia sauti yake. Inatushtua kwa sababu ni sauti ya kawaida. Hakuna siri ndani yake. Kuna uchovu na chuki ya mtu anayelazimika kuwaburudisha wanaomdharau. Baadaye, akiwa uso mtupu, anawaomba wenyeji fedha, nao hawamtambui wala hawamheshimu. Kumbe heshima yote ilikuwa ya ukimya. Filamu hii inaitwa "Uso", lakini anayeichungulia vizuri huona kwamba swali lake ni sauti: nani anaruhusiwa kusema, na anapoteza nini akishasema.

Kutoka hapo tunaweza kupita haraka. Katika *Jungfrukällan*, "Chemchemi ya Bikira" (1960), baba aliyeuawa binti anaung'oa mti mchanga kwa mikono yake kabla ya kulipiza kisasi, na anapomlalamikia Mungu mwishoni kamera inamwonyesha mgongo, kwa hiyo ni sauti tu inayotufikia. Katika *Nattvardsgästerna* (1963) ni mvuvi Jonas, aliyejawa na hofu ya bomu la atomiki la Wachina. Mchungaji aliyepaswa kumfariji anajisemea shida zake mwenyewe, na Jonas anasikiliza. Kazi ya von Sydow hapo ni kusikiliza peke yake, na anasikiliza hivi kwamba tunajua, kabla mchungaji hajajua, kuwa mtu huyu akitoka nje hatarudi hai. Kwa jumla alicheza katika filamu kumi na moja za Bergman zilizotolewa sinemani, ya mwisho ikiwa *The Touch* ya 1971. Hizo za katikati, *Vargtimmen*, *Skammen* na *En passion*, za 1968 na 1969, zina wapenzi wao. Sisi tunaiona ya pili kuwa ndiyo kubwa, kwa sababu ndani yake mpiga fidla mpole anageuka katili bila kubadili kiimbo cha sauti.

Sasa tufike Marekani, mahali ambapo hukumu nyingi dhidi yake zimejengwa. George Stevens alipomtafuta mtu wa kuigiza Yesu katika *The Greatest Story Ever Told* (1965), alitaka uso ambao watazamaji wa Marekani hawakuuzoea. Aliupata. Lakini aliupata pamoja na kinywa, na hapo ndipo filamu inapokwama. Yesu huyu anasema Kiingereza kilichooshwa kikaondolewa kila alama ya mahali. Kila neno limewekwa peke yake kama chombo cha madhabahuni. Hakuna anayeishi katika lugha ya namna hiyo. Tunaamini kwamba udhaifu si wa mwigizaji peke yake: waliomwongoza walidhani utakatifu ni kutokuwa na lafudhi. Mafundisho ya mlimani ni maneno ya mtu wa Galilaya, na Injili yenyewe inashuhudia kwamba usemi wa Mgalilaya ulitambulikana Yerusalemu. Mwana wa Skåne, ambaye kwao pia mtu hutambulikana kwa usemi wake, angaliweza kuitumia habari hiyo. Hakupewa nafasi.

Baada ya Yesu, Hollywood ilifanya ilivyozoea kuwafanya wageni. Lafudhi yake ikawa cheti cha tabia: mmisionari mgumu katika *Hawaii* (1966), kiongozi wa Wanazi mamboleo katika *The Quiller Memorandum* (mwaka huo huo), na mbele zaidi mfalme mkatili wa sayari ya mbali katika *Flash Gordon* (1980) na adui wa James Bond mwaka 1983. Kuna hoja isemayo kwamba alijiuza, kwamba mtu wa Bergman hakupaswa kuvaa kanzu ya dhahabu na kuamuru dunia iangamizwe. Hoja hii hatuikubali. Kwanza, inasahau kwamba mwigizaji hula kwa kazi yake. Pili, na hili ndilo la uhakiki, inasahau kuuliza jinsi alivyozicheza nafasi hizo. Baadhi ni duni, tukubali. Huyo wa *Flash Gordon* ni mavazi zaidi kuliko mtu, ingawa anaonekana kufurahia. Lakini tumtazame Joubert, muuaji wa kukodiwa katika *Three Days of the Condor* (1975) ya Sydney Pollack. Mwongozaji hakuificha lafudhi yake, aliipa makao: Joubert ni mtu wa Alsace, jimbo ambalo limebadilishwa mikononi mwa mataifa mawili zaidi ya mara moja. Mwishoni anamweleza kijana aliyekuwa akimwinda namna atakavyokuja kuuawa siku moja, kwa adabu, kwa sauti ya mtu anayempa mgeni maelekezo ya njia. Kiingereza chake ni safi na hakina nchi, sawa na kazi yake isiyo na upande. Hapo lafudhi si kasoro iliyosamehewa. Ndiyo maana yenyewe ya mhusika.

Kuhusu *The Exorcist* (1973) yamesemwa mengi, hasa juu ya vipodozi vilivyomzeesha mtu wa miaka arobaini na minne hata watazamaji wakastaajabu baadaye kumwona akiwa kijana zaidi. Sisi tungependa kuongeza jambo moja la sauti. Pepo katika filamu hiyo hasemi kwa sauti ya mtoto anayemwona mtazamaji; sauti hiyo ilirekodiwa na mwigizaji mwingine, Mercedes McCambridge, ikabandikwa juu ya midomo. Chumbani mna, basi, sauti isiyo na mwili wake, na mbele yake padri Merrin anayesoma sala akiwa mwili mzima, mgonjwa wa moyo, akitafuta pumzi baina ya neno na neno. Pambano tunalolisikia ni kati ya sauti inayoelea na sauti inayolipiwa kwa pumzi. Ni mwigizaji wa jukwaa anayejua bei ya pumzi.

Wakati huo huo hakuacha kuigiza kwa lugha yake. Jan Troell alimpa Karl Oskar, mkulima wa Småland anayehamia Minnesota, katika *Utvandrarna* (1971) na *Nybyggarna* (1972), filamu mbili zilizotokana na riwaya za Vilhelm Moberg, ambazo Troell aliziongoza, akashika kamera na kuzihariri mwenyewe. Tungeweza kuandika makala nzima juu ya mkono wa Karl Oskar unaoshika udongo wa Amerika. Lakini kwa hoja yetu kazi ya kilele ni ile iliyokuja miaka kumi na mitano baadaye.

*Pelle Erobreren*, "Pelle Mshindi" (1987), ya Bille August, imetokana na riwaya ya Mdenmark Martin Andersen Nexø. Lasse Karlsson, mjane mzee kutoka Skåne, anavuka bahari pamoja na mwanawe mdogo kwenda kisiwa cha Bornholm kutafuta kazi. Melini anamsimulia mtoto neema za nchi wanayoiendea. Bandarini matajiri wa mashamba wanachagua watu kama wanavyochagua ng'ombe: Lasse ni mzee mno, mtoto ni mdogo mno, hakuna anayewataka. Wanaishia katika shamba moja wanakolala zizini. Msimamizi mwanafunzi anamdhalilisha mtoto. Lasse anaapa kwa maneno makubwa kwamba atamwadhibu. Anapomfikia, ujasiri unamwisha. Sijaona katika sinema tendo la woga lililoigizwa kwa huruma na kwa ukweli kama hilo. Von Sydow hamtetei Lasse wala hamcheki. Anamwacha aseme sana kabla ya tukio na anyamaze baada yake, na baina ya maneno yale na ukimya ule mtoto anakuwa mtu mzima.

Sasa tusikilize lugha. Wadenmark wa filamu wanasema Kidenmark. Lasse anasema Kiswidi cha Skåne, na kwa ajili ya Uswidi huo yeye na mwanawe wanadharauliwa. Mwigizaji aliyefunzwa Kiswidi cha jukwaani huko Stockholm, aliyemcheza Yesu kwa Kiingereza kisicho na mahali, akiwa na umri wa karibu miaka sitini alifungua kinywa na kusema kwa usemi wa wakulima wa mkoa aliozaliwa. Kejeli yake ni kwamba lahaja hii, katika lahaja zote za Kiswidi, ndiyo iliyo karibu zaidi na Kidenmark. Lasse anadharauliwa kwa kusema namna ambayo mababu wa wanaomdharau wangaliihesabu kuwa yao. Von Sydow haifanyi lahaja kuwa kichekesho. Haiongezi chumvi, haiwakonyezi watu wa mjini. Anaitumia kufikiri, kujidanganya, kumbembeleza mtoto, kuomba kazi. Kila shughuli ina mwendo wake ndani ya usemi ule ule. Filamu ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1988 na baadaye Oscar ya filamu za nje, naye akapendekezwa kwa Oscar ya mwigizaji bora kwa nafasi aliyoicheza katika lahaja ambayo wengi waliompigia kura hawakuweza hata kuitofautisha na Kiswidi kingine.

Turuhusiwe hapa kusema neno moja linalotuhusu. Mjini Lubumbashi kundi la Mufwankolo lilionyesha kwa miaka mingi, jukwaani na redioni, kwamba Kiswahili cha mji huu kinaweza kubeba michezo mizito juu ya utawala na maisha. Johannes Fabian ameandika kitabu kizima juu ya mchezo wao mmoja wa mwaka 1986. Hata hivyo tumewaona wanafunzi wakipanda jukwaani na kuigiza mama wa sokoni kwa Kiswahili cha kamusi, huku wakimwachia mlevi na mjinga peke yao usemi wa mjini. Mwalimu mmoja alitueleza kwamba ndivyo heshima ya lugha inavyolindwa. Hatuna ugomvi na Kiswahili sanifu, ambacho tunakiandika hapa na kukifundisha. Ugomvi wetu ni na ugawaji huo wa kazi, unaoifanya lahaja kuwa kofia ya mchekeshaji. Lasse ana woga, ana mapenzi, ana aibu, na vyote anavisema kwa usemi wa kwao. Aliyemwigiza aliweza kuigiza kwa usanifu kamili alipotaka. Kwa hiyo lahaja kwake haikuwa upungufu wa elimu.

Kuna neno pia la kuangaliwa. Kiswahili sanifu humwita mtu huyu mwigizaji, kutoka kuiga na kuigiza, kana kwamba kazi yake ni kufanana na mwingine. Kwetu husemwa zaidi kucheza. Kwa kadiri tunavyomwelewa von Sydow, neno la mtaani lina haki: hakufanana na watu aliowacheza, wala hakujaribu.

Ushahidi mkubwa wa hilo ni *Hamsun* (1996), tena ya Troell. Knut Hamsun, mwandishi mkuu wa Norwei aliyewaunga mkono Wanazi na kuhukumiwa baada ya vita, anachezwa na von Sydow kwa Kiswidi. Mkewe Marie anachezwa na Ghita Nørby kwa Kidenmark. Walio karibu nao wanasema Kinorwei. Hakuna anayeeleza jambo hili ndani ya filamu, na baada ya dakika chache mtazamaji haulizi tena. Mwanaisimu anaweza kulifafanua kwa urahisi, kwa kuwa lugha hizo tatu ni jirani na wasemaji wake huelewana kwa kiasi. Lakini maelezo hayo hayatoshi. Ndoa ya Hamsun katika filamu ni ndoa ya watu wawili wanaosikiana bila kusikilizana, na mzee mwenyewe ni karibu kiziwi. Anapoletwa mbele ya Hitler mwaka 1943 kumlalamikia juu ya mtawala wa Kijerumani huko Norwei, mazungumzo yanapita kwa mkalimani, mmoja hasikii, mwingine hataki kusikia. Tofauti ya lugha, ambayo mwongozaji mwingine angaliificha, hapa imeachwa ifanye kazi.

Juu ya jukwaa la nje ya nchi tuseme kwa ufupi. New York ilimwona mwaka 1977 akimcheza Strindberg mwenyewe katika tamthilia ya Per Olov Enquist, na London ilimwona mwaka 1988 akiwa Prospero katika ukumbi wa Old Vic, chini ya Jonathan Miller. Mwaka huo wa Prospero aliongoza pia filamu yake pekee, *Ved vejen*, kutoka riwaya ya Mdenmark Herman Bang. Ni kazi ya upole, nayo ilituzwa Uswidi. Kwamba mtu huyu hakuongoza tena ni hasara, ingawa pengine alijua vizuri kuliko sisi nafasi yake ni ipi.

Katika uzee wake watengenezaji wa filamu walianza kuvigawanya vile vitu viwili. Lars von Trier katika *Europa* (1991) alichukua sauti peke yake: hatumwoni von Sydow hata mara moja, tunamsikia akihesabu hadi kumi na kutuamuru tulale, tuingie Ujerumani ya 1945. Miaka ishirini baadaye, katika *Extremely Loud & Incredibly Close* (2011), alipewa mwili peke yake: mzee mpangaji ambaye aliacha kusema tangu mabomu ya vita, anayejibu kwa viganja viwili, kimoja kikiwa "ndiyo" na kingine "hapana". Filamu yenyewe ina machozi mengi kuliko haja. Lakini mzee huyo bubu alimpatia pendekezo lake la pili la Oscar, akiwa na miaka themanini na miwili, na ni Vogler wa 1958 aliyerudi, safari hii bila ndevu za kuvua.

Baina ya hizo mbili ipo kazi ambayo tumeiacha nyuma kwa makusudi. Von Sydow alikuwa amehamia Ufaransa, akapata uraia wa huko mwaka 2002, na mwaka 2007 Julian Schnabel alimpa nafasi ndogo katika *Le Scaphandre et le Papillon*. Ni baba mzee wa mwandishi wa habari aliyepooza mwili mzima asibakiwe ila na ukope mmoja. Tunamwona kwanza mwana akiwa mzima, akimnyoa baba yake. Kisha, baada ya maradhi, baba hawezi kushuka kutoka ghorofa yake, na mwana hawezi kuinuka kitandani. Wanaunganishwa kwa simu. Baba anasema kwa Kifaransa, lugha aliyoipata ukubwani mwigizaji wake, kwa mwana ambaye hawezi kutoa sauti. Ukope unahesabu herufi, na mtu wa tatu anayageuza majibu kuwa maneno. Mzee anasahau alichotaka kusema. Anaanza tena. Analia, anaomba radhi kwa kulia, na upande wa pili wa waya hakuna kinachosikika ila mtu mwingine akisoma herufi, moja baada ya nyingine.